Jezi ya Emile

Posa ilikuwa imekwisha kupokewa, wali na kuku vimekwisha kuliwa, na Mzee Sumaili wa Nyangwe alikuwa amevaa kiatu kimoja tayari kuondoka, ndipo alipouliza swali ambalo Amisa, mama wa binti, alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Na walii wa huyu mutoto ni nani?"

Watu waliokaa uani wakatazamana. Walii ni mwanamume wa ukoo anayemwoza binti mbele ya shehe, na katika mtaa wa Waislamu wa Kasongo hilo halikuwa jambo la kuuliza. Baba akiwa hai, walii ni baba. Na baba alikuwa hai, amekaa palepale mkekani: Faradji, mtu wa miaka arobaini kasoro kidogo, mwenye magoti yaliyovimba na kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo.

"Ni miye," Faradji akasema. "Miye ndiye baba."

"Ya kwamba weye ni baba, ninajua. Ninauliza walii." Mzee Sumaili alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, na alizungumza polepole kama mtu anayepima mzigo. "Kule Salamabila niliambia watu kama ninakwenda kuposea mutoto wangu Assani kwa Faradji wa Kasongo. Wakaniuliza, Faradji gani? Nikasema, ule murefu, mucheza mupira. Wakacheka. Wakasema, ah, kumbe Emile! Emile mukristo, wa ekipi ya mapadri."

Atumani, mdogo wake Faradji, fundi cherehani, akajifanya anatafuta kitu chini ya mkeka.

"Ni jina la mupira tu, Mzee," Faradji alisema.

"Mutu iko na majina mawili, ni shauri yake. Lakini mukristo hawezi kuoza mwislamu." Akavaa kiatu cha pili. "Assani anamupenda binti yenu, na miye sikatai. Mutengeneze hii mambo kwa Shehe. Alhamisi ingine ninarudi na watu wangu."

Walipokwisha kutoka, Amisa alianza kukusanya sahani. Sahani ndizo zilizosema kwa niaba yake.

*

Tusimwonee Faradji. Huyo Emile hakuzaliwa kwa ubaya. Zamani, Faradji alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, mpira wa ngozi ulikuwa mmoja tu Kasongo nzima, na ulikuwa wa mapadri. Vijana wa mtaa wa Waislamu walipiga mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kamba, ambao ukinyeshewa na mvua hauondoki mahali. Mapadri hawakuwafukuza. Walisema tu kwamba ekipi ya misheni ni ya watoto wa kanisa. Basi vijana kadhaa wa mtaani waliinamisha vichwa, wakamwagiwa maji, wakapewa majina, na Jumapili iliyofuata wakacheza. Wazee walikunja uso kidogo wakaacha. Watoto wengi wa Kiislamu walikuwa na majina ya namna hiyo kwa ajili ya shule, na kila mmoja aliyavua alipokomaa.

Wenzake waliyavua. Faradji hakuyavua, kwa sababu miguu yake iliendelea kutakiwa, ingawa si sana. Alikuwa demi, mchezaji wa katikati, anayepokea mpira kwa walio nyuma na kuwapa walio mbele. Magoli hakufunga. Kampuni ya dhahabu kule Salamabila ilimchukua, ikamwita mtunza majembe ili apate nyumba kambini. Alipopatikana demi mwingine wakamshukuru, akaenda Kabambare. Kabambare nako walimshukuru, akaenda kwa watu wa pamba. Kila alikofika aliitwa Emile, maana ndivyo mapadri walivyomwandika, na kila alikoondoka hakuna aliyelia. Sasa alikuwa amerudi Kasongo, anapiga randa mbao katika karakana ya misheni, na nafasi yake uwanjani alikuwa nayo kijana Roger wa Lusangi, ambaye hata kutembea kwake tu kulikuwa kama kucheza.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa. Ekipi ya misheni ilikuwa na sheria yake: siku ya mechi wachezaji wote wanakwenda misa wakiwa wamevaa jezi, wanakaa mabenchi ya mbele, kisha wanatoka kwa mstari wakiimba hadi uwanjani. Asiyekwenda misa hachezi. Faradji alifunga Ramadhani kila mwaka bila kukosa, na Jumapili za mechi alikaa kanisani, wala hakuona ugomvi wowote. Kwake yeye misa ilikuwa kitu cha mpira, kama kufunga kamba za viatu. Hakuwahi kudhani kwamba kuna mtu, achilia mbali Mungu, anayeihesabu kuwa sala.

*

Ijumaa, baada ya sala, Shehe alimwita Faradji mbele. Alikuwa mzee mpole, na alitaka jambo liishe upesi bila kumvunjia mtu uso. Lakini msikiti ulikuwa umejaa. Habari ya posa ilikuwa imezunguka mtaa mzima.

Faradji akatoa shahada. Maneno hayo alikuwa akiyasema tangu utoto, lakini siku ile sauti ilimkatika katikati, akalazimika kuanza upya. Mahali fulani nyuma mtu mmoja akapiga mluzi mdogo, ule wa refa anapotaka mpira wa adhabu urudiwe. Mabega ya watu yakatikisika kwa kicheko cha kubana. Faradji aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

"Na kanisani?" Shehe akamwuliza.

"Siingii tena."

"Sema kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

"Siingii tena mu kanisa!"

"Basi. Weye ni walii wa mutoto wako. Tumemaliza."

Nyumbani, Nuru alimpokea mlangoni. Alikuwa binti mwembamba, mwenye tabia ya kushika kidole cha mwisho cha baba yake anapozungumza naye, tabia aliyobaki nayo tangu udogo, alipokuwa akimwona baba huyo kwa likizo tu, kutoka kambi hii hadi kambi ile.

"Nimesikia ulisema mbele ya watu wote," alisema.

"Nilisema."

"Walicheka?"

"Kidogo tu."

Nuru akakishika kidole. "Acha wacheke. Alhamisi ni weye utanitoa, Baba. Hapana mutu mwingine. Miye sitaki mutu mwingine."

Faradji aliingia ndani na kujifanya anatafuta kofia, ili mtoto asimwone machozi. Siku hiyo alijiona mtu kamili, na kweli alikuwa.

*

Jumamosi alikuwa karakanani, amefunika nywele kwa kitambaa, Padri alipoingia pamoja na Célestin, kapteni wa ekipi. Padri alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye ndevu nyekundu, aliyependa mpira kuliko ilivyompasa.

"Emile," akasema. "Roger iko na homa, kule kwao Lusangi. Kesho ni kombe. Salamabila wanakuja na malori mawili, administrata atakuwa pale, na miye sina demi."

Faradji aliweka randa chini. Alijua la kujibu. Lilikuwa mdomoni kabisa: Padri, nimeapa. Neno dogo, na padri yule, pamoja na hasira zake, hakuwa mtu wa kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya imani. Angenuna tu, basi.

Lakini miaka yote ile, timu zote zile, walimshukuru wakamwacha, na hakuna hata moja iliyorudi kumwita. Leo wamerudi. Padri amevuka uwanja mzima juani kuja kumwita yeye. Faradji alifurahi hadi akaona aibu kwa kufurahi kwake, na furaha ile ikalimeza lile jibu.

"Nitakuja ku uwanja," alisema. "Saa ya mechi nitakuwa pale."

"Utakuja ku misa. Pasipo misa hapana mayo, hapana jezi. Unajua."

"Padri, safari hii..."

"Kama ninaachilia weye, ninaachilia wote." Padri alikuwa amekwisha kugeuka.

Célestin alibaki nyuma kidogo, akamgonga begani kama mdogo kwa kaka yake. "Yaya, magoti yatashika?"

"Yatashika."

Nyumbani aliwaambia kwamba kesho atakwenda kutazama mpira, kama watu wote. Amisa akaacha kupakua. "Kutazama?" aliuliza. "Kutazama," alijibu, akala ugali wake haraka.

*

Asubuhi ya Jumapili aliketi mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Jezi ilikuwa ya kijani yenye kola nyeupe, na ilimbana tumboni. Alikuwa amejiwekea mpango: mwili tu ndio utakaokuwa kanisani. Hataimba, hatajibu, hatapiga magoti. Atakaa kama mtu anayengoja lori.

Kengele ndogo ilipolia, wote wakapiga magoti, na yeye akajikuta chini pamoja nao. Hakuamua. Magoti yenyewe yalikwenda, kwa mazoea ya miaka mingi, yakafika sakafuni kabla ya akili. Alikumbuka Ijumaa. Akataka kusimama, lakini kusimama peke yake mbele ya kanisa lililojaa kulimtisha, akabaki palepale, ameinamisha kichwa, mtu mzima anayetumaini kwamba hakuna anayemwona.

Walitoka kwa mstari wakiimba. Barabara ilikuwa imejaa watu pande zote mbili, na malori ya Salamabila yalikuwa yameegeshwa kando ya soko. Yeye alikuwa wa mwisho katika mstari. Walipokanyaga nyasi za uwanja alisahau yote. Mpira ukamjia, akausimamisha kwa kisigino, akamrudishia Célestin bila kutazama, na mtu mmoja katika umati akasema "Eh!" Hiyo "Eh!" ilimwingia mwilini kama chai ya moto. Magoti hayakuuma.

Ndipo lori la mbao likafika kwa vumbi kutoka njia ya Lusangi. Roger akaruka chini, amekonda, uso unang'aa kwa jasho, anacheka.

"Homa imeniacha alfajiri, Padri! Ninaweza!"

Padri alimtazama Roger, akamtazama Faradji. Hakuchukua muda mrefu.

"Emile, toa mayo. Mupe Roger."

Hapakuwa na jezi za akiba. Faradji aliinua mikono pale pale mstarini, mbele ya administrata, mkuu wa serikali wa pale, na mke wake, mbele ya Kasongo nzima, akaanza kuivuta. Ilikwama tumboni. Célestin akamsaidia, kama anavyovuliwa nguo mtoto. Chini yake alikuwa na singleti yenye tundu kubwa mgongoni.

"Mzee amevuliwa!" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka, si kwa chuki, kwa furaha tu ya Jumapili.

Alipotoa kichwa kwenye ile nguo, kitu cha kwanza alichokiona ni mwavuli mweusi. Chini ya mwavuli alisimama Mzee Sumaili. Alikuwa amekwenda Salamabila kuuza samaki, akapanda lori la washabiki ili awahi kununua chumvi ya karamu, na asubuhi hiyo alikuwa amekaa mbele ya duka lililo mkabala na kanisa. Hakukunja uso. Aliinua mkono, akamsalimu Faradji kwa heshima, namna mtu anavyomsalimu asiyemjua, kisha akageuka kutazama mpira.

Faradji alipewa makoti ya wachezaji ayashike. Aliyashika hadi mwisho. Misheni ilishinda, na bao la ushindi lilitoka mguuni mwa Roger.

*

"Uliingia mu kanisa?" Amisa aliuliza. Alikuwa amesimama uani, amejifunga kitenge kiunoni kwa nguvu. Habari ilikuwa imefika kabla ya mwenyewe.

"Ni mambo ya ekipi, Mama Nuru. Misa ni mbele ya mupira. Kila siku iko vile."

"Ulipiga magoti?"

"Wote walipiga."

"Sijauliza wote!"

Faradji alikuwa bado amevaa ile singleti, na kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa imeanikwa kwenye kamba nyuma ya Amisa.

"Na hata kucheza, hawakukuchezesha," alisema Amisa, na hapo sauti yake ikashuka, maana hasira ilimwishia na huruma ikaingia, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza Faradji zaidi. "Walikuvua nguo mbele ya watu. Baba Nuru, ulituuza kwa nini? Kama ungecheza, ningesema alau alicheza."

Atumani aliingia jioni, anatembea kama mwenye mwiba mguuni. Alikataa kiti.

"Yaya, nimetoka kwa Shehe. Mzee Sumaili alikuwa pale." Akavua kofia. "Arusi haivunjiki. Assani amelia mbele ya baba yake, amekubaliwa. Lakini walii... wamesema walii awe miye. Na watu watakaa kwangu, si hapa."

"Na weye ulijibu nini?"

"Ningejibu nini, Yaya?"

Faradji akatazama mlango wa chumba. Nuru alikuwa amesimama pale, na bila shaka alikuwa pale tangu mwanzo.

"Nuru," akasema. "Mutoto wangu. Nitarudi kwa Shehe. Kesho asubuhi nitarudi, nitasema tena."

"Utasema nini, Baba? Ulishasema." Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba mtungi kutoka mbali ukavunjika mlangoni. "Ungekataa. Mara moja tu, ungewaambia hapana."

"Waliniita, Nuru. Walikuja kuniita."

"Na miye? Miye sikukuita?"

Nuru akaingia chumbani. Atumani aliaga kwa sauti ya chini, na Faradji akamsindikiza hadi nje ya ua.

*

Alhamisi ua wa Atumani ulifagiliwa tangu alfajiri. Cherehani ilifunikwa shuka na kusukumwa pembeni. Wageni wa Nyangwe walifika na ngoma zao, wakajaza mikeka, na Faradji akaona kwamba hapakuwa na mahali palipotengwa kwa ajili yake. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyemwita akae. Akachukua birika na beseni kutoka kwa wanawake, akasema atanawisha watu, na wanawake, kwa haya, wakamwachia.

Alikuwa jikoni akijaza birika Shehe alipoanza. Kupitia ukuta wa matete alisikia sauti ya Atumani ikitetemeka: "Ninakuoza Nuru binti Faradji, mutoto wa mukubwa yangu." Kisha sauti ya Assani ikapokea. Basi, ikawa imekwisha. Vigelegele vikapasuka upande wa wanawake, na Faradji alisimama na birika mkononi, maji yamejaa hadi yakamwagikia miguuni. Aliwahi kufikiri kwamba hakuna aibu kubwa kuliko ile ya kuvuliwa jezi.

Akatoka kunawisha. Alianza na wazee. Mzee Sumaili alinyoosha mikono, akanawa, akasema "Ahsante," na macho yake hayakupanda juu ya beseni. Shehe alimgusa kiganja kidogo. Akaenda mstari wa vijana.

Hapo alikuwa kijana mmoja wa Nyangwe, mchangamfu, mwenye kofia mpya, ambaye hakumjua mtu yeyote pale zaidi ya bwana arusi. Alinyoosha mikono chini ya birika.

"Mzee, samahani ninauliza. Walisema binti Faradji. Lakini aliyemutoa ni baba mudogo. Kwani huyu Faradji alikufa?"

"Hapana," alisema Faradji. "Hakufa."

"Basi iko wapi?"

Faradji alitazama upande wa nyumba. Mlangoni, katikati ya wanawake, Nuru alikuwa amefunikwa mtandio mwekundu. Mkono mmoja ulikuwa nje, umejaa hina, na kidole cha mwisho kilishikwa na mke wa Atumani.

"Alikwenda ku mupira," Faradji akajibu.

Kijana akaacha kusugua mikono. "Siku ya arusi ya mutoto wake?"

"Ndiyo."

"Ku mupira!" Kijana akatikisa kichwa, akawageukia wenzake kuwapa habari hiyo, wakacheka, mmoja akasonya. "Mutu gani huyu? Mzee, weye unamujua?"

"Ninamuona tu," alisema Faradji. Akammiminia maji ya mwisho, akangoja ayakung'ute mikononi, kisha akachukua beseni na kusogea kwa mgeni aliyefuata.